Diski bandia ya mgongo: sio kila mgongo unaouma unaihitaji

Mtu akishapigwa MRI ya mgongo siku hizi hasubiri hata kurudi kwa daktari, anapiga picha ile ripoti anaitupia kwenye group la familia, alafu ushauri unaanza kumiminika: mmoja anasema nenda India ukabadilishiwe diski, mwingine anasema usithubutu kuguswa mgongo utapooza, wa tatu ana namba ya mzee fulani anayechua. Na mgonjwa mwenyewe katikati ya hayo yote bado hajui hiyo diski ni kitu gani, inabadilishwaje, na kama kweli ndo inayomuumiza. Naandika hii kwa sababu naona watu wanauza viwanja kwa ajili ya operesheni ambayo labda haikuwa yao, na wengine wanaikimbia wakati ingewasaidia kabisa.

Tuanze na mwili. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiunoni, alafu chini yake kuna ule mfupa mpana unaokaa katikati ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna diski, zote jumla 23, manake zile pingili mbili za juu kabisa hazina diski kati yao. Diski kwa nje ni pete ya nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, ndani ina ute mzito uliojaa maji, na kazi yake ni mbili, kubeba uzito wako na kukuruhusu uiname, ugeuke, utazame nyuma. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayoingia mpaka ndani, chakula chake inakifyonza polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake, ndo maana ikichanika inapona kwa kuchelewa sana, na kadiri umri unavyoenda maji yanapungua, inasinyaa, inakuwa fupi.

Sasa diski inaweza kukuumiza kwa njia mbili na hapa naomba usome taratibu maana watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza, pete inachanika, ute unatoka na kugandamiza mshipa wa fahamu unaopita hapo jirani. Haya maumivu hayakai mgongoni, yanakimbia, kama ni kiunoni yanashuka kwenye kalio, nyuma ya paja mpaka unyayo, kama ni shingoni yanaenda begani na mkononi mpaka vidoleni, na mara nyingi yanakuja na ganzi au mkono kukosa nguvu. Ya pili, diski imechoka tu, imekauka, na inauma yenyewe palepale ilipo, unaamka asubuhi mgongo umekaza, ukikaa sana unauma, lakini mguuni hakuna kitu. Ya kwanza ni rahisi zaidi kuithibitisha, maana daktari akikupima nguvu, hisia na mishtuko ya goti na kifundo anaweza kuotea ni mshipa upi hata kabla ya picha. Ya pili ni ngumu, ngumu kwelikweli, kwa sababu kwenye mgongo kuna misuli, viungo vidogo vya nyuma ya pingili, maungio ya nyonga, na vyote vinaweza kutoa maumivu yanayofanana.

Na hapo ndipo MRI inapowaponza watu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 ambao HAWANA maumivu yoyote ya mgongo, wakaangalia picha zao zinaonyesha nini. Wenye miaka 20 tu, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Diski kuvimba kwa nje ilikuwa asilimia 30 kwa vijana wa miaka 20 na asilimia 84 kwa wazee wa 80. Yaani watu wazima na afya zao, wanalima, wanacheza na wajukuu, lakini ukiwapiga picha ripoti itatisha. Kwa hiyo ripoti ikisema diski imetoka au imesagika, hilo peke yake sio ugonjwa, mpaka kile kinachoonekana kwenye picha kifanane na pale unapoumia na jinsi unavyoumia. Na kitu kingine, diski iliyogandamiza mshipa wa mguu kwa watu wengi inatulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa dawa, kutembea na mazoezi ya fizio, mwili wenyewe unaufyonza ule ute uliotoka.

Haya, tuseme muda umepita, umefanya mazoezi kweli, umekunywa dawa, na bado huwezi kulala. Kama shida ni kipande kimoja kimekandamiza mshipa kiunoni, mara nyingi operesheni yake ni ndogo tu, daktari anafungua kidogo kwa nyuma anatoa kile kipande, diski iliyobaki anaiacha. Hapo hakuna cha bandia wala vyuma. Narudia hili kwa sababu kuna watu wakisikia operesheni ya mgongo wanajua moja kwa moja ni kubadilishiwa diski, hapana.

Pale ambapo diski nzima inabidi itoke ndo kuna njia mbili. Ya zamani ni kuziunganisha pingili: diski inatolewa, pengo linajazwa mfupa au kifaa chenye mfupa, wakati mwingine na skrubu, mpaka pingili mbili ziote na kuwa mfupa mmoja. Shingoni operesheni hii ya kupitia mbele imefanyika tangu miaka ya 1950 na inafanya kazi vizuri, mshipa unaachiwa, mkono unaacha kuuma. Ila umeua mwendo mahali hapo. Na hofu iliyofuata ikawa, je zile diski za jirani hazitabeba mzigo wa ziada na kuharibika mapema? Utafiti unaotajwa sana ni wa Marekani wa mwaka 1999, uliwafuata wagonjwa 374 waliounganishwa shingo na ukakuta karibu asilimia 3 kila mwaka wanapata tatizo jipya kwenye pingili ya jirani, na ukakadiria kwamba ndani ya miaka 10 itakuwa kama robo yao. Inatisha, lakini utafiti huohuo ulikuta waliounganishwa pingili nyingi walipata shida hiyo KIDOGO kuliko wa pingili moja, jambo ambalo halikai sawa kama kosa lote ni la kuunganisha. Sehemu fulani ni umri tu, diski za jirani zilikuwa zinaelekea huko tayari. Wauzaji wa vifaa wanapenda kutaja ile robo, hii nyingine hawaitaji.

Wazo la kuweka kitu kinachocheza badala ya kuunganisha sio geni kabisa. Miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Ulf Fernström, alikuwa anaweka mpira mdogo wa chuma kwenye nafasi ya diski. Wazo zuri, ila uzito wote wa mtu ulikalia nukta moja ya chuma na mipira mingi ikadidimia ndani ya pingili. Kilichobadilisha mambo kilitoka Berlin Mashariki, kwenye hospitali ya Charité, ambako Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz walitengeneza diski ya sahani mbili za chuma zenye plastiki ngumu inayoteleza katikati, ikawekwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1984. Huyu Büttner-Janz ndiye yuleyule Karin Janz aliyechukua dhahabu mbili za jimnastiki kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alafu akasomea udaktari wa mifupa. Mimi hii habari inanigusa, mtu ambaye ujana wake wote aliutumia kuupinda mgongo wake ndiye aliyekaa akafikiria jinsi ya kuifanya migongo ya wengine iendelee kupinda. Miaka 20 baadaye, Oktoba 2004, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ikaipitisha diski hiyo, iliyopewa jina la hospitali ya Charité, kwa ajili ya kiuno. ProDisc-L ikafuata 2006, za shingo zikaanza na Prestige mwaka 2007, na Mobi-C mwaka 2013 ikawa ya kwanza kuruhusiwa kwa pingili mbili za shingo.

Muundo wa nyingi bado ni ule ule. Sahani ya juu na ya chini ni za aloi ya kobalti na kromiamu au titaniamu, mgongoni mwa sahani kuna meno au ukingo unaong'ata mfupa pamoja na uso wenye vinyweleo ili mfupa uote humo, na katikati kuna plastiki ya polietilini au sehemu yenye umbo la duara inayokaa kwenye kikombe chake.

Operesheni ya shingo inafanyika umelala chali, dawa ya usingizi kamili. Daktari anachana mstari mfupi wa kulala upande wa mbele wa shingo, kwenye mkunjo wa ngozi ili kovu lisionekane sana, alafu hakati misuli mikubwa, anapita katikati yake: mshipa mkubwa wa damu unasogezwa nje, bomba la hewa na umio vinasogezwa ndani, na pale nyuma kabisa anaikuta pingili ikiwa nyeupe. Anapiga eksirei papohapo na sindano ikiwa imechomekwa kwenye diski kuhakikisha ni pingili yenyewe, maana kwa macho zinafanana. Anaitoa diski yote kwa darubini, mpaka ukuta wa nyuma, anaondoa ute na vimifupa vilivyobana mshipa, na hii ndo sehemu inayoponya maumivu ya mkono, sio kile kifaa. Kifaa kinakuja baada ya hapo, anajaribu saizi, anapiga eksirei tena kwa mbele na kwa ubavu, anatafuta katikati kabisa, kwa sababu kikikaa pembeni kitacheza vibaya. Ukiamka koo linauma, kumeza kunasumbua siku kadhaa, sauti inaweza kukwaruza, kwa wengi inaisha, kwa wachache mshipa wa sauti unaumia na inachukua muda.

Kiunoni ni habari nyingine. Hawapiti mgongoni, wanapitia TUMBONI. Wengi hili linawashtua. Utumbo unasogezwa ukiwa ndani ya mfuko wake, na mbele ya pingili za chini kuna mishipa mikubwa ya damu inayokwenda miguuni ambayo lazima isogezwe pia, ndo maana hospitali nyingi zinakuwa na daktari wa mishipa ya damu anayefungua njia kabla ya daktari wa mgongo kuanza kazi yake. Kwa wanaume kuna mtandao wa mishipa midogo ya fahamu mbele ya diski ya chini kabisa, ukiguswa mbegu zinaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka, kwa hiyo kijana anayetaka watoto aulize hili waziwazi, asione aibu.

Mfano mzuri wa shingo ni Jack Eichel, mchezaji wa hoki ya barafu. Machi 2021 akiwa na Buffalo Sabres aliumia diski ya shingo, yeye na madaktari wake wakataka diski bandia, timu ikataka pingili ziunganishwe, kwa sababu hakuna mchezaji wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, aliyekuwa amewahi kurudi uwanjani na kifaa hicho. Kwa mkataba wa ligi timu ndo ilikuwa na neno la mwisho juu ya matibabu. Wakavutana miezi, wakamvua ukapteni, mwishowe Novemba 2021 wakamuuza kwa Vegas Golden Knights ambao walimkubalia, siku chache baadaye akafanyiwa, na Februari 2022 akawa uwanjani, miezi mitatu tu. Juni 2023 akabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hiyo, na ndiye aliyeongoza kwa pointi kwenye mechi zote za mtoano. Alikuwa na miaka 25 wakati wa operesheni, mifupa imara, tatizo moja lililojulikana lilipo. Huyo ndo mgonjwa hasa wa diski bandia.

Alafu mwangalie Tiger Woods, yule mcheza gofu. Mwaka 2017 diski yake ya mwisho kiunoni ilikuwa imekwisha, na walioitibu ni Texas Back Institute, kituo ambacho mwaka 2000 kiliweka diski bandia ya kwanza ya kiuno Marekani. Unafikiri walimwekea diski? Hapana, walimuunganisha pingili. Diski ikishakuwa bapa kabisa kuna kidogo cha kuokoa, na wao walijua hilo kuliko wote. Akashinda mashindano makubwa ya gofu ya Masters 2019 akiwa na pingili zilizoungana. Oktoba 2025 diski ya juu yake ikawa imeporomoka, safari hii New York wakamwekea bandia. Mtu mmoja, kiuno kimoja, majibu mawili tofauti kutokana na hali ya kila diski. Kwa hiyo ukiona daktari ana jibu moja kwa kila mgongo unaoingia ofisini kwake, mimi ningetafuta wa pili.

Kwa maoni yangu ushahidi wa shingo ni mzuri. Majaribio mengi yamelinganisha diski na kuunganisha, diski imefanya angalau sawasawa, na kwa pingili mbili Mobi-C ilifanya vizuri zaidi. Kiuno sina uhakika huo. Kuna jaribio la Norway lililotoka 2011, wagonjwa 173 wenye maumivu sugu ya kiuno na diski zilizochakaa, nusu wakawekewa diski bandia, nusu wakapewa programu nzito ya mazoezi na mafunzo ya jinsi ya kuishi na mgongo bila kuuogopa. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa yamepata nafuu. Waliofanyiwa operesheni walipata zaidi, tofauti ya pointi 8.4 kwenye kipimo cha 0 mpaka 100, wakati watafiti wenyewe walishasema kabla kwamba chini ya pointi 10 haihesabiki kama tofauti kubwa kwa mgonjwa. Na mgonjwa mmoja, plastiki ilichomoka, wakati wa kurekebisha mshipa wa damu ukaumia na mwisho akakatwa mguu. Mmoja tu, ndio, lakini inaonyesha shida ilipo: kupita tumboni mara ya kwanza ni sawa, mara ya pili mishipa imeshagandamana na kovu na hatari inapanda sana. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, tangu 2007 haigharamii kabisa diski bandia ya kiuno kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Wasiofaa ni wengi kuliko wanaofaa. Mwenye mifupa iliyopungua uzito, kama mama aliyekoma hedhi zamani na hajapimwa mifupa, sahani itadidimia. Mwenye vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimeshasagika, ukimrudishia mwendo unamrudishia maumivu. Pingili iliyoteleza mbele, mgongo uliopinda, mwenye mzio wa metali, mwenye maambukizi popote mwilini. Na kwetu huku kuna TB ya mgongo, watu wanaisahau. Mtu ana maumivu ya mgongo miezi, anapungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku, au mgongo umeanza kutokeza kinundu, huyo haongelei diski, anatakiwa apimwe TB, na ikigundulika dawa zake ni bure kwenye hospitali za serikali. Kuna wanaochuliwa huo mgongo mpaka miguu inapooza, inaumiza sana kuona kwa sababu ni ugonjwa unaotibika.

Hata kwa anayefaa, kifaa kinaweza kuota mfupa pembeni mpaka kikaganda, yaani umelipia mwendo ukaishia na pingili zilizoungana zenyewe, wengine hata hawajui mpaka eksirei ya miaka ya baadaye kwa sababu haiumi. Plastiki inasagika taratibu na unga wake unaweza kula mfupa. Charité yenyewe haiuzwi tena. Mtu wa miaka 35 anabeba hicho kitu labda miaka 40, na kwa vifaa vya sasa hakuna aliyevibeba muda wa kutosha kukwambia vitakavyokuwa mwaka wa 40, kwa hiyo eksirei za kufuatilia sio hiari.

Kuna dalili ambazo hazisubiri ushauri wa mtu: mkojo au haja kukutoka bila kujua au kushindwa kutoka kabisa, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, miguu yote kulegea ghafla. Hiyo ni usiku huohuo hospitali, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Kenyatta, KCMC, Bugando, popote palipo karibu na daktari wa mishipa ya fahamu au mgongo. Na kwa shingo, ukiona vifungo vya shati vinakushinda, chapati inakuponyoka mkononi, unatembea kama umelewa na hujalewa, hata kama huna maumivu, huo ni mshipa mkuu wa fahamu unabanwa, wahi.

Kama unaenda nje ya nchi kwa hii operesheni, muulize daktari kabla hujalipa: ni diski ipi hasa inayoniumiza na umejuaje, kwa nini sio kuunganisha, kwa nini sio kutoa kipande tu, wewe mwenyewe umeweka ngapi za aina hii, ikiharibika nikiwa nimesharudi nyumbani nani ataigusa. Hilo la mwisho wengi hawaulizi kwa sababu akili yote iko kwenye viza na hela. Na ukitoka usiondoke bila kadi ya kifaa, yenye jina la kifaa, kampuni, saizi na namba yake, pamoja na CD ya picha za kabla na baada. Vifaa vya kobalti na kromiamu vinatia kivuli kikubwa kwenye MRI, vya titaniamu kidogo zaidi, na fundi wa mashine kule utakakopimwa baadaye lazima ajue kilichomo kabla hajakuingiza. Hiyo kadi ipige picha, mtumie mtu wako wa karibu, na ile yenyewe itunze pamoja na vyeti vyako vingine.